Hodi ya Tatu

Vizimba ishirini vya samoni nje ya Klaksvík,
kila kimoja na kifaa chake, kinalowa usiku kucha
na kila nusu dakika kinatamka namba mbili:
joto la maji, oksijeni iliyobaki.
Hakitaji jina la mtu.
Kinatuma kwenye anwani isiyo na nyumba,
mia mbili thelathini na tisa nukta ngapi sijui,
aliyejiunga atasikia,
asiyejiunga hapotezi usingizi.
Hakuna stakabadhi. Ujumbe ukizama njiani
umezama; mwingine yuaja.

Rói ndiye aliyelipanga kundi hili.
Alinifundisha huku akitafuna nyama ya kondoo
iliyokaushwa na upepo:
“Beinta, mtumaji hajui nani anamsikiliza.
Swichi ndiyo inayojua, na hata yenyewe
haijui majina. Inajua tundu lipi lina sikio.”

Kila baada ya dakika mbili na sekunde tano
swichi hupiga hodi: wenyewe mpo?
Mmoja akijibu kwenye tawi lake, yatosha,
wenzake hunyamaza.
Hodi ya tatu ikipita kimya
hulikata tawi, bila kinyongo.

Novemba tulimzika Rói, Viðareiði,
mvua ikitupiga ubavuni.
Marjun alikuja kuchukua kikombe na koti.
Februari, Hallgrím: safisha matundu,
tunataka nafasi ya kamera.

Nikaorodhesha wanachama.
Tundu la tatu, chumba cha zamu.
La tano, boti ya chakula.
La saba.

Ofisi ya juu, pazia limefungwa.
Chini ya meza kompyuta yake imevaa vumbi,
feni inakoroma.
Nikawasha skrini: grafu, mistari na mistari,
samaki wa kila usiku wamehesabiwa pumzi
siku tisini na nne
na hakuna aliyetazama.

Nikaishika kebo.
Nikasema moyoni, ngoja hodi moja tu, iwe ya kuagana.
Taa ya kijani ikapepesa,
hodi,
na kabla sijavuta ikajibu, upesi,
kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango:
nipo.

Nimemwandikia Hallgrím.
Tundu la saba bado linatumika.
Kamera tuiweke la tisa.