Kona ya Kushoto

Mia tano mlangoni, mtoto mia mbili,
mama yake Fulgensi halipi kitu.
Benchi la mbele ni lake tangu mwanawe aondoke
kwenda kuchezea mji ambao hapa Newala
kila mtu anautamka kivyake.

Usiku huo jenereta lilikohoa mara mbili, likakubali.
Fulgensi kavaa jezi ya mikono mirefu, na glavu.
Mtoto wa Mnyambe, glavu!
Tukacheka. Tukamwona anakwenda kupiga kona,
upande wa kushoto, karibu na jukwaa.

Kitu cha njano kikaanguka miguuni pake.
Kisha kingine.
Kisha sauti, hu, hu, hu,
kama watu wanaotwanga kinu kimoja.
"Wanamshangilia?" aliuliza Bakiri Nalinga,
ambaye macho yamemchoka.
Mtangazaji akanyamaza, yeye anayepayuka
hata mpira ukitoka nje.
Mtoto mmoja: "Wanampa ndizi. Ana njaa?"
Nami, mwenye banda, nikafanya nilichoweza:
nikapunguza sauti.

Picha ikabaki. Midomo tele, imechongoka.
Mama yake akaivuta kanga begani, akasema tu,
"Mguu wa kulia unamuuma. Tazameni anavyosimama."

Sikutazama mguu.
Nilikuwa nimerudi Nangwanda Sijaona,
jua la saa tisa, mimi kijana wa debe na fimbo,
siku timu ya ng'ambo ya Ruvuma ilipokuja.
Walikuwa na winga mmoja, Atanasi,
chale usoni, mistari imepangwa
kama mkeka unaoanza kusukwa.
Nani alianza? Ningependa kusema sikumbuki.
"Mmawia! Mmawia! Rudi kwenu ukale panya!"
Debe langu ndilo lililoshika mdundo.
Na nyumbani, Rahaleo, bibi yangu
mwenye chale zilezile, tundu la ndonya mdomoni,
alikuwa ameniwekea ugali, ameufunika.
Kitoweo chenyewe panya wa kubanika.
Nilitafuna mpaka mifupa.

Mtu alirusha gunzi la muhindi. Likampata begani.
Atanasi akainama, akaliokota,
akaliweka nje ya chaki, taratibu,
kama anayelaza mtoto aliyesinzia,
akarudi nyuma hatua nne, akapiga kona.
Sisemi lilikuwa bao. Halikuwa bao.
Kipa wetu aliudaka, tukarukaruka,
mechi ikaisha, kila mtu akaenda zake.

Kamera haikuwepo. Faini haikuwepo.
Hakuna aliyevaa fulana ya kupinga chochote.
Na miaka yote hii nimeisimulia mechi ile
nikianzia pale kipa alipodaka.

Dakika ya sitini na tatu refa akawatoa wote.
Fulgensi alitoka wa mwisho, akichechemea,
mguu wa kulia.
Yakaja matangazo ya sabuni.
Watoto wakadai hela yao, mpira haujaisha,
nikawarudishia, sarafu kwa sarafu.
Mama yake alibaki amekaa.
Nilitaka kumwambia. Nimwambie nini?
Kwamba kelele ile naijua, nimewahi kuipiga?
Akanyanyuka kabla sijapata pa kuanzia.
"Akipiga simu kesho nitamuuliza kama amekula,"
alisema, na sauti ikamkwama
kwenye neno la mwisho.

Nikafagia. Maganda ya korosho, vifuniko vya soda,
na chini ya benchi la nyuma, ganda la ndizi:
mtu alikula huku akitazama, akasahau.
Nililiokota kwa vidole viwili,
nikasimama nalo mlangoni.
Pipa lipo hatua nne tu kutoka pale.
Sikujua pa kuliweka.