Foronya

Darasa letu liko Makadara, ghorofa ya pili,
juu ya duka la magodoro.
Jumanne na Alhamisi, baada ya magharibi,
feni ikikwaruza kama mzee asafishaye koo,
twajifunza kusema kwa Kireno
kwamba treni imechelewa,
kwamba chumba chetu hakina taulo,
kwamba mvulana ana tufaha na msichana ana paka.
Katana Nzai, mzaliwa wa Mazeras, kando ya reli,
auliza: treni hii ya kitabuni itafika lini?
Mwalimu Celeste acheka, kisha amsahihisha kitenzi.

Ametoka Nampula. Kiswahili chake ni cha sokoni:
bei gani, punguza, nyanya hizi zimelala.
Siku moja akaandika ubaoni "igreja",
nyumba ya ibada ya Wakristo,
akatwambia tulitamke polepole, kisha haraka,
kisha kama mtu aliyechoka.
Igreja. Greja. Gereza.
Swafiya akageukia dirisha, upande wa Ngome,
ingawa kutoka pale haionekani.
Katana akasema:
"Wao walitaja pa kusali, sisi tukasikia pa kufungwa.
Nani alikosea kutafsiri?"
Hilo halikuwa kwenye silabasi.

Nikarudi Kuze na maneno mfukoni kama chenji.
Mama yu kwenye cherehani,
ashona foronya za harusi ya watu.
Nikamwambia: meza hii, Mama, si yako.
Leso uliyojifunga, si yako.
Na foronya hiyo, wenyewe huiita "fronha".
Akakata uzi kwa meno.
"Wenyewe hao walokuja na mizinga?"
Hao.
"Wakapiga mji, wakautia moto,
kisha wakatuwatia foronya?"
Akafikiri, mguu ukiwa juu ya pedeli.
"Basi ada yako wailipa wao. Mimi nashona tu."

Oktoba, Mwalimu akafiwa na dadake.
Tukapekua kitabu, kurasa mia mbili na kumi:
hotelini, posta, kwa daktari wa meno.
Hakuna mtu aliyekufa katika kitabu kile.
Kamusi ikatupa "pêsames",
maana yake kama: yananielemea.
Nikalikariri kutoka Makadara hadi Ganjoni,
nikapanda nalo ngazi,
na mlangoni, nilipomwona hana viatu,
chaki ya Alhamisi bado i kwenye mkono wa blauzi,
likanidondoka.
"Pole," nikasema.
Katana, mwenye alama kutushinda sote,
naye akasema pole, akatua chini unga na sukari.
Tukakaa. Hakuna aliyenyambua kitenzi.

Mama alifika nyuma yetu, akihema kwa zile ngazi,
hajui Kireno hata cha kuombea maji.
Akafungua gazeti: foronya mbili nyeupe,
mshono wa pembeni ule auwekao kwa wateja wagumu.
"Foronya," akasema,
kama mtu anayejitambulisha kwa jina.
Mwalimu akaipokea, akapitisha kidole kwenye uzi.
"Fronha," akasema.
"Foronya," Mama akasema tena.
"Fronha."
Wakaendelea hivyo, sijui mara ngapi,
kila mmoja akimsahihisha mwenziwe
na hakuna aliyekosea,
mpaka Mwalimu akajifunika nayo uso
na Mama akaanza kumpapasa mgongo.

Mtihani wa Disemba nilipata hamsini na nne.
Swali la tisa: Eleza safari yako ya treni.
Niliandika ngazi za Ganjoni.
Mtahini akapiga mstari mwekundu, kando akaandika:
nje ya mada.