Bawabu

Karatasi mbili chini ya kibati cha majani chai.
Ya mama mkwe: sukari kumi na nne.
Ya Minayo, darasa la saba: damu saba nukta nane.
Hapa Kangemi chumba ni kimoja, sufuria moja,
na mpishi ni mimi.

Muuguzi alinichorea mlango nyuma ya kadi.
"Ule ukakasi," akasema, "unaokausha ulimi
kwenye wimbi, kwenye chai iliyochemka mno,
ndio bawabu wa tumbo.
Sukari ikija mbio anaiambia: pangeni foleni."

Nikafurahi kama niliyeokota noti.
Juma zima ugali wa wimbi,
maharagwe na maganda yake,
na chai kavu juu ya tonge la mwisho.
Mashine ikamsomea Mama Kageha tisa.
Akauliza kama tisa ni ya kucheza au ya kulia.

Lakini bawabu hajui majina.
Chuma nacho kilikuja, kwa maharagwe yaleyale,
akakikaba shati papo hapo utumboni
kikatoka nje bila kupiga hodi kwenye damu.
Minayo akakaa katikati ya ngazi za shule,
ukivuta kope zake, ndani kweupe kama utando wa yai.

Mkono ule uliomfaa bibi
ulimnyima mjukuu, na mkono ni wangu.

Siku hizi naloweka maharagwe usiku kucha.
Maji yanageuka rangi ya kutu; siyapikii,
ila mtungi ni shilingi ishirini, basi yanapiga deki.
Wimbi nauacha uchachuke siku mbili,
jirani anasema nyumba yangu inanuka busaa.
Kwa Khayanga nanunua limau moja la kumi,
nalikamua lote juu ya terere.

Vita imebaki kwenye chai.
Nimefunika vikombe kwa visahani: saa nzima baada ya kula.
Mama Kageha anavitazama
kama anayesubiri simu isiyolia.
"Hii chai imekosa nini?"
"Haijakosa, mama. Inapisha chuma."
"Chuma," anasema. "Nimezaa saba kwa chai."

Minayo anahesabu dakika kwa sauti,
anaruka kutoka thelathini hadi hamsini
akimkonyeza bibi yake.
Jana alipanda ngazi bila kukaa.
Au alikaa nilipogeuka.