Lugha ya Midomo

Dundee, Januari, saa kumi jioni, giza limeshaingia.
Ghorofa ya nne nimeinamia hadubini
na kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nilichokipaka rangi asubuhi:
uvimbe buluu, seli za kinga kahawia.

Nilidhani nitakuta vita.
Nimekuta askari wamekaa ukingoni
kama watu waliofika msibani wakaambiwa
marehemu kazinduka, rudini makwenu,
wasijue waondoke au wabaki.

Hawakuhongwa. Hawakupigwa.
Wameambiwa neno moja, prostaglandini,
neno la mwilini humo humo,
lile lile lililompandisha homa utotoni,
lililovimbisha goti alipoteleza kwenye barafu
kisha likaliambia goti: basi, tulia, pona.
Uvimbe umelikariri.
Basi, tulia. Basi, tulia.
Na wao, watiifu, wanatulia,
wengine hata wanaushonea mishipa ya damu
wakidhani wanaziba kidonda.

Sheria haitaki nijue jina, namba tu: 0417.
Lakini Bi Ishbel Rennie alinikamata kwenye lifti:
“Wewe ndiye unayetukata vipande?”
Huenda 0417 si yeye. Sikuuliza.
Alinisimulia kiwanda cha juti, miaka kumi na minane.
Mimi mtoto wa Korogwe, wa katani;
vumbi la nyuzi tulilijua wote wawili.
Mashine, alisema, zilinguruma hata masikio yakakata tamaa,
wasichana wakasemezana kwa midomo, bila sauti:
msimamizi huyo. Nitupie uzi. Jumamosi dansi.
“Ukimpa mtu kisogo,” akasema, “hujaambiwa kitu.”
Lifti ikafunguka. Akaenda zake na fimbo yake.

Kwenye sahani ya saba, ambamo seli bado zi hai,
nimetia tone la dawa inayoziba pale neno linapopokelewa.
Sikuua chochote.
Nimewageuza tu askari kisogo
wasiuone mdomo wa uvimbe.

Sahani ya tano imekufa, kosa langu, niliacha mlango wazi.
Ya sita kimya.
Saa sita usiku, kwenye ya saba, mmoja amejongea.
Mmoja, upana wa nywele, labda chini ya hapo.
Nikajikuta namsemesha kwa midomo:
huyo, huyo hapo mbele yako.

Nimeandika saa kwenye daftari.
Kwa penseli.