Jiwe la Wiki Nne

Kidole nilikipima kwa uzi wa cherehani,
nikaulaza uzi juu ya rula ya Tima ya shule:
milimita hamsini na mbili, na nusu ya wasiwasi.
Saa nane usiku, Kibokoni imelala,
Mselem anakoroma kama friji ya duka,
nami na simu chini ya shuka
nalizungusha jiwe kwa kidole gumba,
liwake upande huu, liwake upande ule.

Pete ya ndoa niliiuza mwenyewe.
Mwaka wa tisa, kwa sonara Bhavin;
akaiweka mizanini, hakuniuliza kitu.
Ikawa nauli ya Nairobi, ikawa sindano,
ikawa vipimo ambavyo majina yake
nimeyasahau kwa makusudi.
Watu niliwaambia imezama Likoni,
imenichopoka kivukoni, nikinawa embe.

Maandishi yalisema: imekuzwa maabara.
Wiki nne, gesi na joto,
mbegu nyembamba kuliko ukucha.
Mbegu.
Neno hilo nililisoma mara tatu.
Nikazihesabu pesa za madera ya Idi,
nikabonyeza, nikaweka namba ya siri,
salio likabaki la mkate wa mofa.

Siku kumi na saba. Kijana wa forodha akapiga:
"Mama, hiki ni kito au ni pambo?"
Wewe kiite utakavyo, nikamwambia,
lakini ushuru usiuite mara mbili.
Nikapanga foleni Digo Road,
nikatia sahihi, nikapewa
kikasha kizito kuliko kilichomo.

Idi pili Shangazi Mwanakombo akaiona.
Jicho lake halijawahi kuhitaji miwani.
"Mselem kakupa?"
"Nimejipa."
"Almasi?"
"Almasi."
"Ya wapi?"
Ulimi haukungoja ruhusa, ukasema kweli.
Akacheka hadi kashata ikampalia.
"Ya kupikwa! Haikulala ardhini,
haikujua giza, haikungojwa na mtu,
hilo ni jiwe ama ni halua?
Kitu cha Mungu hakitoki chupani, mwanangu."

Na Tima yumo mapajani mwake,
miaka sita, hina hadi kiwiko,
anazila kashata za shangazi bila kuomba.
Tima, ambaye tangu siku ya arubaini
shangazi huyuhuyu humwita
almasi yangu.

Mselem akanitazama kutoka mlangoni.
Tuliapa wawili kwenye gari moshi,
kabla ya kufika Miritini:
neno chupa halitavuka kizingiti chetu.
Siku tano alikaa nje ya mwili wangu,
kwenye kioo, kwenye joto la kupimwa,
mwanamke wa koti jeupe akimchungulia,
nami katika hoteli ya Eastleigh, ukuta umevimba unyevu,
nikizisomea Yasini seli nane.
Kama huko siko kungojwa,
basi sijui kungoja ni nini.

Nikalimeza. Nikamwongeza kahawa.

Jumatatu nikampelekea Bhavin.
Akaligusa jiwe kwa kalamu yake ya kupimia,
kalamu ikalia.
"Almasi," akasema. "Hii haijui ilizaliwa wapi.
Na mimi siulizi, dada. Sikuuliza hata ile siku."

Inabana kidogo. Uzi ulinidanganya.
Joto la Machi likipanda, vidole vikivimba,
haitoki hata kwa sabuni;
nakandia unga nayo, nashonea nayo,
naiona ikinasa nyuzi za madera ya watu.

Jana usiku shangazi katuma ujumbe wa sauti,
kashusha koo kama anayenunua dawa ya aibu:
"Na hilo la kupikwa, mwanangu... lauzwaje?
Si langu. La mjukuu wa Saumu, wa Bondeni.
Usimwambie mtu."

Nikausikiliza tena, na tena.
Nyuma ya sauti yake, aliyelala kwake jana,
Tima anacheka.