Kibali cha Kipaza Sauti

Faili langu la vibali limevimba mgongo.
Mkutano wa injili, siku saba, uwanja wa Igogo.
Mhadhara wa Waislamu, siku tatu, uwanja uleule.
Mganga wa mapenzi na mabusha nilimnyima,
akahutubia vivyo hivyo juu ya jiwe.

Jumatatu akaingia Deusdedit Malimi,
fundi wa injini za mitumbwi, kucha nyeusi kwa oili,
akaweka barua mezani:
naomba uwanja, muda wa saa mbili,
niwaambie watu kwamba huko juu hakuna mtu.

Nikamtazama. Nikasema, Deusdedit,
jina lako lenyewe ni Kilatini cha kumshukuru Mungu.
"Nilipewa nikiwa nalia," akasema.
"Hawakungoja ninyamaze."

Barua ilikuwa na ukurasa wa pili.
Humo aliiomba Serikali, kwa muhuri wake,
ifute kipindi cha dini shuleni,
iwafundishe watoto kwamba mbingu ni hewa
na hewa haisikii.
"Wao mmewapa miaka mingapi?
Sisi tupeni hata muhula mmoja."

Najua kilichomleta.
Mdogo wake, Shija, alizama mwezi wa tatu mbele ya Kome,
mtumbwi umejaa dagaa, karabai bado zinawaka.
Kanisani wakamwambia ni mapenzi ya Mungu.
Jirani akamwambia imeandikwa.
Bibi yake akasema mizimu ilidai mbuzi, wakapuuza.
Yeye aliifungua ile injini
akakuta plagi imeoza.
Plagi ya shilingi elfu saba.

Nitakiri hapa, kwa kuwa hapa sigongi muhuri:
mimi mwenyewe nina miaka tisa sijasali.
Naenda ibadani kwa ajili ya mama mkwe
na kitambaa kipya.
Lakini muhuri si wangu.
Kipande hiki cha mpira hakina goti.
Hakijui kusujudu,
na kisifundishwe kukataa kusujudu.
Siku kitakapokuwa na dini, hata dini ya kutokuwa nayo,
kitaanza kuchagua barua.
Leo kitamziba mdomo padri, kesho shehe,
keshokutwa wewe, Deusdedit,
kwa sababu shaka yako si ile iliyoidhinishwa.

Ukurasa wa pili nikamrudishia.
Wa kwanza nikaugonga, paa,
palepale ninapowagongea wote:
ada elfu kumi, marufuku kutukana,
mwisho magharibi.
Akauliza, adhana ikianza, ninyamaze?
Nikamwambia hilo halimo kwenye fomu,
kamwulize mama yako.

Mama yake alifika kesho yake kabla sijafungua dirisha,
Bi Restituta, rozari imeviringwa kwenye funguo za kibanda.
"Mwanangu anapotea, na wewe umempa ramani."
Nikamwuliza: unataka nimzuie kwa sheria,
aamini kwa kuwaogopa polisi?
Alikaa kimya mpaka chai yangu ikapoa.
"Mungu wa kulindwa na mgambo," akasema, "simjui."
Kisha akadai kuona risiti ya ada,
asije akawa nimemzidishia mtoto.

Jumamosi walikuja watu kumi na wanne
na korongo watatu juu ya jabali, wakinusia soko la samaki.
Dakika ya tano umeme ukakatika.
Kwaya ya mtaa wa pili wakamkodisha jenereta
kwa bei wanayomtoza kila mtu, mafuta juu yake.
Akasema aliyokuja kusema.
Wengine waliguna. Mmoja alipiga makofi,
akajikuta yuko peke yake, akajikuna shingo.
Maneno mengi upepo uliyachukua kuelekea majini.

Adhana ilipoanza, jenereta likakohoa.
Akakilaza kipaza sauti kwenye nyasi,
akapiga goti moja vumbini,
akachomoa plagi ya kwaya,
akaiinua kwenye mwanga
na kuifuta kwa shati lake, polepole.