Ya Watu wa

Jumatano, soko la wanawake, Ibra.
Shangazi Shinuna amepindua kopo la halua juu ya mkeka:
vifungo, ufunguo usio na mlango,
baisa zilizofutika, pesa mbili za Unguja zenye mizani,
na hii, nzito kupita wenzake,
kijani kama bamia iliyosahaulika chunguni.

Nilidhani kizibo.
Nikaisugua kwa ndimu, akanipiga kofi la mkono:
"Utaichuna. Kutu ndiyo ngozi yake."

Muhanna, aliyesomea mambo haya, akaisogeza jichoni.
Huku mfalme wa Rumi, shingo nene,
pengine mji wenyewe hakuwahi kuukanyaga.
"Fedha ilikuwa yake," akasema, "ya kulipia askari.
Shaba waliachiwa wenyeji wajigongee:
shaba ya mkate, ya kuingilia hamamu,
ya kitita cha figili.
Toka nayo nje ya lango, mwendo wa siku mbili,
hakuna aijuaye."

Nikaigeuza.
Mwanamke, kichwani kavaa ukuta wa mji mzima,
minara na lango,
kama aliyehama akaona nyumba haiachiki.

Pembeni herufi za Kiyunani, nyingi zimelika.
"Hawakuandika jina la mji. Waliandika la watu.
Ya watu wa mahali fulani.
Hapa neno limeliwa kichwa, umebaki mkia,
na mkia maana yake ni hiyo tu:
ya watu wa."

"Wa wapi?"

"Basi hapo."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu.
"Kule nilikuwa Mmanga.
Nimeshuka hapa, Mzinjibari.
Mpe salamu, huyu ndugu yangu."

Kisha kidole chake kikapata shimo shingoni mwa mfalme,
dogo, la makusudi.
Muhuri, alisema Muhanna. Mji mwingine uliigonga baadaye,
kusema: na kwetu ipite.

Akainuka bila kuaga.
Akaiweka katika kiganja cha Ghaniya muuza mboga.
Ghaniya akaipima kwa mkono, akaitazama mwenye sarafu,
akatoa kitita cha figili
na chenji, baisa hamsini.

Muhanna kashika kichwa.
"Nyamaza," akasema shangazi, "imepita,"
na akazipangusa figili udongo kwa ncha ya leso.